Mgeni wa Mkataba Hakataliwi

Alhamisi tarehe 17 Machi 2016, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa hiyo naijua kwa sababu redio ya muuza nyama wa jirani ndiyo ilikuwa inamaliza matangazo ya vifo.

Watu watatu waliingia dukani kwa binti yangu Kaari, pale Majengo, Meru mjini, bila hodi. Wawili walikuwa askari. Wa tatu alikuwa na shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, na huyo ndiye alikuwa mbaya. Jina lake Runji, afisa wa pasi za wageni.

"Nani amekata hiki kitambaa?"

Kaari alikuwa na mkasi mkononi. Juu ya meza kulikuwa na kitenge chenye picha za ndege, nusu kimekatwa, nusu bado. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya robota la vitenge, lile kubwa, miguu inaning'inia kama ya mtoto.

"Nauliza mara ya pili. Nani amekata?"

Mgeni wetu Nestor, mwenye vitenge, alitoka chumba cha nyuma. Akaangalia mkasi. Akamwangalia Kaari. Akaniangalia mimi.

"Ni mimi," akasema. "Nimekata mimi."

Alidanganya. Na aliyejua ni uongo mkubwa namna gani ni mtu mmoja tu mle ndani. Mtu huyo alikuwa amekaa juu ya robota, amefunga mdomo.

Ndiyo. Mimi, Naftaly Kiambi, mzee mzima wa Mikinduri.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilivyofika hapo. Mke wangu Ciakuthii, binti wa Mbeere, alikufa akingoja gari la wagonjwa, na gari lenyewe lilikuwa limebeba viti vya mkutano wa mheshimiwa. Baadaye miraa yangu ikakosa mnunuzi, wazungu walipoifungia mlango na wakubwa wetu wakaenda huko kutubembelezea, wakarudi na picha zao wakiwa wamevaa makoti mazuri. Halafu, wiki jana, niliwaambia jinsi Chifu Marete alivyoniletea Nestor mpaka mlangoni.

Sikuwaambia yote. Leo nasema.

"Kiambi," Chifu aliniambia siku ile, "huyu ni mgeni wa mkataba."

"Mkataba gani?"

"Nchi yake na yetu zimekaa meza moja zikatia sahihi. Wafanyabiashara wao wanakuja hapa kwa pasi ya muda, siku tisini. Wetu nao wanaenda kule. Wewe utakuwa mwenyeji wake."

"Na mwenyeji anafanya nini?"

"Anampokea. Mgeni wa mkataba hakataliwi."

"Hakataliwi nini, Chifu?"

"Hakataliwi! Unataka nikuimbie? Tia sahihi hapa."

Nchi ya Nestor siitaji. Watu wake hawajanikosea. Walionikosea wanaongea Kimeru safi kama mimi.

Sasa msiokuwa Wameru mnisikilize vizuri, maana kosa langu limeanzia hapo. Sisi tuna kitu kinaitwa gichiaro. Ukoo wetu na ukoo mwingine wa mbali walikula kiapo zamani za babu zetu. Mtu wa gichiaro akija kwako, humnyimi kitu. Akisifu fahali wako, unafungua kamba anaenda naye. Na wewe ukiwa kwake unachukua unachotaka bila kuomba, kwa sababu kuomba ni kumtukana. Humdanganyi. Humwachi ashikwe kwa kosa lako. Ukivunja, laana inaanza na watoto wako.

Nilimwona baba yangu akivua blanketi alilojifunika, mvua ya Aprili inanyesha, akampa mtu ambaye hata jina lake hakulijua. "Ni wa gichiaro," akasema. Akatetemeka siku nzima, na siku nzima alikuwa anacheka.

Kwa hivyo Chifu aliposema hakataliwi, mimi niliyeishia darasa la nne nikasikia kitu ninachokijua. Nikasema, kumbe na serikali zina gichiaro! Kwa mara ya kwanza tangu nimzike Ciakuthii nikaipenda serikali. Ulikuwa ujinga. Lakini ujinga huo nilipewa na mtu mwenye kofia ya serikali kichwani.

Nestor alikaa kwangu Mikinduri, mizigo yake ikakaa kwa Kaari huko Majengo. Kazi yake ilikuwa safi. Analeta vitenge, anauza robota zima zima kwa wenye maduka, halafu ananunua ndengu kwa shemeji yangu Nthiga huko Mbeere, anapeleka kwao.

Siku ya pili akasifu koti langu. Nikalivua.

"Mzee, hapana!"

"Chukua."

"Mzee Kiambi, kwetu ukisifu koti umesifu koti tu."

"Kwetu umeliomba. Vaa."

Akalivaa, mikono ya koti inamwishia karibu na viwiko, maana Nestor ni mrefu kama mlingoti wa bendera. Kaari alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu mazishi.

Mambo yakaharibika Jumanne ya wiki ile, siku mbili kabla ya Runji kuja.

Nestor alikuwa ameenda Mbeere kuangalia ndengu. Kaari alikuwa ametoka kununua chai. Mimi nalinda duka. Akaingia mke wa Chifu Marete, Mama Chifu, mama wa kifua mbele, kila neno lake linaanza na "wii".

"Wii, Kiambi! Hiyo ya ndege ni nzuri. Nikatie mita tatu."

"Hii haikatwi, mama. Inauzwa robota zima."

"Robota zima nivae wapi? Mimi ni hema la mkutano?"

"Mwenyewe hayuko."

"Na aliyekuletea huyo mwenyewe ni nani? Si bwanangu? Wii, watu husahau haraka."

Nikafikiria. Mali ya mtu wa gichiaro ni yangu. Nikimngoja Nestor nimwombe, nimemtukana. Basi nikachukua mkasi wa Kaari, nikakata mikanda ya robota kwa mkono wangu huu, nikakata kitenge. Mita tatu. Mama Chifu akaondoka akipepea kama bendera.

Kaari aliporudi akasimama mlangoni na chai yake.

"Baba, nani amefungua?"

"Nestor amesema tuuze kwa mita."

"Amesema lini?"

"Amesema."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza. Nilisema ili asisumbuke, na kwa sababu nilijua Nestor angekubali. Kufika Alhamisi wanawake wa Majengo walikuwa wamejipanga, wote wanataka ndege. Nestor alirudi asubuhi hiyo hiyo, akapitia mlango wa nyuma, hata hakuwa ameona meza vizuri. Dakika chache baadaye Runji akaingia.

Mmeona sasa? Kaari aliamini Nestor ameruhusu. Nestor alidhani Kaari ameteleza, akamfichia. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa na neno la kusema, na sikulisema.

"Mgeni wa mkataba anauza kwa jumla," Runji akasema, akiinua pasi ya Nestor juu kama mhubiri na Biblia. "Akishika mkasi amekuwa muuza duka. Pasi imekufa."

"Naomba nisome hapo palipoandikwa," Kaari akasema.

"Utasoma kortini, msichana."

Akaita vijana wa mizigo. Marobota saba yakapandishwa gari yakiitwa ushahidi. Mimi nilifungua robota moja tu. Yale mengine sita yalikuwa yanashuhudia nini? Hata lile nililokalia walilichukua, askari akanishika kwapa kama anashusha kuku kutoka kwenye kiota.

Nestor akaingia garini na koti langu mgongoni. Akageuka.

"Mzee, usijali. Mwambie Nthiga asiache ndengu zinyeshewe."

Mke wangu alipokufa nililaumu dereva, nikalaumu daktari, nikalaumu mheshimiwa na viti vyake, na sijaacha. Lakini Alhamisi ile hakuna aliyenifunga mdomo. Ulimi ulikuwepo. Niliuhisi umelala mle ndani kama soksi iliyolowa.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Chifu Marete. Nikamkuta chini ya mwavuli wa bustani yake, anakunywa chai na nani? Na Runji. Mkate uko katikati, siagi iko katikati, wanapakana maneno kama mashemeji. 

"Chifu, mgeni wangu ameshikwa."

"Mgeni gani?"

"Nestor! Yule uliyeniletea kwa mkono wako!"

"Ah, yule. Mimi nilikuonyesha mtu tu, Kiambi. Kuonyesha mtu ni makosa?"

"Ulisema hakataliwi."

"Hakataliwi kuingia. Nilisema auze na mkasi?" Akamgeukia Runji. "Afisa, huyu mzee alimvulia mgeni koti kwa sababu ya mkataba. Koti! Alifikiri ni gichiaro!"

Runji akacheka mpaka makombo yakaruka. Alikuwa Mwembu, ilibidi Chifu amweleze gichiaro ni nini ndipo acheke tena, na mara ya pili akacheka zaidi. Mambo ya baba yangu, blanketi lake na mvua yake, yakageuka kitoweo cha mkate wao.

Nilikuwa nimekuja kusema ukweli. Naapa. Nikaanza.

"Afisa, huo mkasi..."

"Mkasi ni wa binti yako, sivyo?" Runji akaweka kikombe chini, hacheki tena. "Tukifungua kesi ya mkasi, tunaanza na mwenye mkasi. Niliuona mkononi mwake. Unataka tufungue?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi. Wewe unataka mgeni wako afungwe ama arudi kwao salama?"

"Arudi salama."

"Tia sahihi hapa. Hii inasema mwenyeji amekubali mgeni arudishe pasi aende kwao. Leo tunampeleka Embu, huko ndiko anatengenezewa safari. Hakuna kesi, hakuna korti, na binti yako hajulikani."

Nikaangalia karatasi. Juu kulikuwa na Kiingereza. Katikati palikuwa peupe.

"Na hapa peupe?"

"Hapo ni pa ofisi."

"Ofisi itaandika nini?"

"Mzee, wewe umesoma mpaka wapi?"

Chifu akakohoa kicheko. Nikatia sahihi. Kiambi, na ile K yangu iliyopinda kama jembe la zamani. Nikaambiwa kwaheri kabla wino haujakauka. Chai hata sikupewa, na nashukuru, maana ningeitapika kwenye nyasi za Chifu.

Jumapili ilikuwa ya Matawi. Nilishika tawi langu kanisani kwa mkono ule ule uliotia sahihi. Tulipofika nyumbani nikamwambia Kaari kila kitu, yeye anaosha vyombo, mimi nimesimama nyuma yake kwa sababu sikuweza kumwangalia usoni.

Hakugeuka. Maji yalikuwa yanamiminika tu.

"Ulisema aliruhusu."

"Mali ya mtu wa gichiaro..."

"Baba! Nestor si wa gichiaro. Nestor ni mtu ana pasi."

"Chifu alisema..."

"Na wewe ulijua Chifu ni nani! Tangu mama afe unatukana watu wa serikali kutoka asubuhi mpaka jioni. Siku moja wamekuambia kitu kitamu, ukawaamini." Sasa akageuka. "Mtu amejitolea ashikwe kwa sababu yangu, na wewe umekaa juu ya mali yake unamwangalia?"

"Ningesema wangekushika wewe."

"Ungesema wangekushika wewe, Baba. Usinitumie mimi."

Hilo neno niliandike vile lilivyo.

Akafuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na karatasi. Mwenye nyumba wa Majengo hudai nakala ya kitambulisho cha kila anayeweka mzigo katika vyumba vyake, na Kaari alikuwa amemtolea Nestor nakala ya pasi, mbele na nyuma. Akaisoma kwa Kiingereza polepole, kidole kinafuata mstari. Akaisoma tena.

"Baba."

"Nini?"

"Hapa hakuna jumla. Hakuna rejareja. Hakuna mkasi. Imeandikwa biashara, basi. Na mwisho wake ni tarehe thelathini Aprili."

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri! Nestor hakuwa na kosa. Hata wewe kwa mkasi huna kosa. Runji alijitungia."

Nikakaa chini. Mtajua ni raha gani niliyoipata, halafu mtajua jinsi ilivyooza hapo hapo. Kumbe kukata kitambaa hakukuwa kosa. Kosa ni kunyamaza. Na la pili ni ile sahihi. Hayo mawili hakunitungia mtu.

Jumatatu saa tatu asubuhi tulikuwa Embu, mimi na Kaari, nakala iko ndani ya bahasha, shati langu la mazishi limepigwa pasi. Nilikuwa nimeamua. Nitasema mbele ya yeyote: nimekata mimi, na haikuwa kosa, mrudishieni mtu pasi yake na mali yake.

Dirishani alikuwa mama mmoja kijana, kibandiko cha jina kimeandikwa Wawira. Hakutufokea. Jambo hilo peke yake lilinitisha.

"Nestor nani? Mmesema aliletwa lini?"

"Ijumaa, kutoka Meru."

Akapekua kitabu. Akapekua tena. Akaingia ndani, akakaa, akatoka.

"Hapa hajaletwa."

"Afisa Runji alisema..."

"Mzee, mtu akiletwa hapa namwandika mimi. Hajaletwa. Ijumaa hakuletwa mtu yeyote."

Kaari akampa nakala. Wawira akaisoma mbele na nyuma, uso ukabadilika kidogo.

"Pasi hii ni nzuri. Nani alisema imekufa?" Kisha akakumbuka kitu, akavuta faili ya rangi ya majani. "Ngojeni. Kuna karatasi imetufikia leo asubuhi kutoka Meru."

Akaisoma kimya. Akaniangalia. Akasoma tena, safari hii kwa sauti, akitafsiri.

"Mgeni amerudisha pasi kwa hiari yake. Mwenyeji wake amemsindikiza mwenyewe mpaka mpakani, Jumamosi tarehe kumi na tisa, akamwona akivuka saa kumi jioni. Sahihi ya mwenyeji: Naftaly Kiambi." Akageuza karatasi upande wangu. "Hii sahihi ni yako?"

K ilikuwa pale, imepinda kama jembe. Pale palipokuwa peupe pamejaa maneno mpaka ukingoni.

"Ni yangu. Lakini Jumamosi nilikuwa shambani Mikinduri. Mpaka wenyewe sijauona tangu nizaliwe."

"Ulitia sahihi karatasi haijaandikwa?"

"Waliniambia ni pa ofisi."

Wawira hakucheka. Akachukua simu ya mezani, akapiga, akaongea Kiingereza, akangoja, akasema asante, akaiweka chini.

"Mpakani wanasema mtu huyo hakuvuka. Jumamosi hakuvuka, wala jana, wala leo."

Kaari alikuwa tayari ametoa simu yake. Namba ya Nestor ilikuwa imezimwa tangu Alhamisi, tumeipiga mpaka kidole kikachoka. Akaibonyeza tena. Nafikiri aliibonyeza ili mikono iwe na kazi.

Ikalia.

Kaari akaweka sauti ya nje, simu ikakaa pale dirishani katikati yetu. Ikalia mara nne. Ikapokewa.

"Wii, nani?"

Ile sauti naijua. Niliikatia mita tatu.

"Mama Chifu?" Kaari akasema. "Mama Chifu, hiyo ni simu ya Nestor. Mwenyewe yuko wapi?"

Nyuma yake mwanaume akauliza kitu kwa Kimeru, akaambiwa "kira", nyamaza. Halafu simu ikakatwa. Kaari akapiga tena. Imezimwa.

Wawira alikuwa amesikia yote. Akainuka, akafunga mlango wa upande wetu, akarudi na kitabu kipya na kalamu.

"Sikiliza, mzee. Mimi sikujui, na kuhusu hao wa Meru sisemi kitu. Lakini ofisi inafuata karatasi. Alikuwa amevaa nini mara ya mwisho?"

"Koti langu."

Akaandika. Niliona akiandika: koti la mwenyeji.

"Embu hayuko. Mpakani hayuko. Karatasi inasema mtu wa mwisho kumwona akiwa hai ni wewe, na sahihi umekubali ni yako." Akaniangalia, na hakuwa na ubaya wowote machoni. "Basi niambie wewe, Mzee Kiambi. Huyu mtu yuko wapi?"